Zawadi za Matangazo na Utunzaji wa Mazingira

*Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mchapaji wa fulana, mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule.*






Napenda kuanza kwa kuishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu katika bwalo hili, ambamo wengi wetu tulikula maharage mengi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya jambo linalohusu kazi yangu, liwafae watu wazima, na tena vijana walioketi nyuma wasisinzie. Hayo ni masharti matatu magumu kwa mpigo mmoja, lakini nitajitahidi.

Kazi yangu wengi mnaijua. Mimi ni mchapaji. Sichapi vitabu wala magazeti. Nachapa majina ya watu juu ya vitu vitakavyotumiwa na watu wengine. Fulana za makampuni, kofia za kampeni, mifuko ya semina, kalamu, kalenda, mikanda ya kuvalia vitambulisho shingoni, mabango ya sherehe, vyote hupita katika karakana yangu. Kwa jina moja tunaviita zawadi za matangazo, yaani vitu wanavyopewa watu bure ili walitembeze jina la aliyewapa.

Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi hii imekua sana, na nyuma yake inaacha taka ambazo hazikuwapo tulipokuwa sisi tunavaa kaptula katika madarasa haya. Ya pili ni kwamba katika ajenda ya mchana huu limo pendekezo la kuagiza fulana 300, kofia 300 na mifuko 300, vyote vikiwa na nembo ya shule na mwaka wa mkutano huu. Nawaambia wazi, ili asije mtu akanishuku baadaye, kwamba pendekezo hilo likipita yumkini kazi hiyo itakuja kwangu. Nami nimesimama hapa kuwaombeni msiipitishe. Si kila siku mfanyabiashara anamwomba mteja asinunue, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze sababu.

Asili ya biashara hii

Wamarekani, ambao ndio walioikuza biashara hii hadi ikawa kubwa, husimulia kwamba ilianzia katika mji mdogo wa Coshocton, katika jimbo la Ohio, miaka ya 1880. Alikuwako bwana mmoja mwenye gazeti na mtambo wa kuchapia, jina lake Jasper Meek. Mtambo ukilala haumlishi mwenyewe. Basi akamwendea mwenye duka la viatu, bwana Cantwell, akamshauri wachape tangazo la duka juu ya mifuko ya gunia ya kubebea vitabu, kisha wawagawie watoto wa shule bure. Watoto wakapata mifuko, duka likapata watangazaji wasiodai mshahara, na mtambo ukapata kazi. Mwaka 1904 watengenezaji 12 wa vitu vya namna hiyo waliunda chama chao, na leo nchini Marekani peke yake biashara hii inapita dola bilioni 20 kwa mwaka.

Naomba vijana mlitazame vizuri jambo hilo. Zawadi ile ya kwanza ilikuwa mfuko wa gunia. Mtoto aliuhitaji, kwa maana vitabu alikuwa navyo. Gunia ni kitu kinachovumilia, na siku likichakaa linaoza likarudi udongoni. Jina la duka lilidumu machoni pa watu kwa sababu mfuko wenyewe ulidumu mikononi mwa mtoto.

Nasi huku pwani ya Afrika Mashariki hatukuwa nyuma. Ninyi nyote mnaijua khanga. Katika mji wa Mombasa liko duka lililoanzishwa mwaka 1887 na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Khanga zake zilikuwa na alama ndogo kwenye ukingo: herufi za jina lake na maneno “Mali ya Abdulla”. Hilo, ndugu zangu, ni tangazo kamili. Lakini angalieni lilivyopangwa. Maandishi makubwa ya katikati, yaani ule msemo tunaouita jina la khanga, yalikuwa ya mvaaji: humsemea yeye kwa mumewe, kwa jirani au kwa wifi yake. Jina la muuzaji lilikuwa dogo, nalo lilikaa pembeni kwa adabu. Wala hakuna aliyepewa bure. Akina mama walitoa fedha zao kununua tangazo la mtu, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa chema.

Tena khanga haitupwi. Hubeba mtoto, hufunika kitanda, hutandwa arusini na msibani. Ikichakaa hukatwa nepi, na nepi ikichoka huwa kitambaa cha kuepulia sufuria. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Khanga ilijiuza. Taabu yetu ya leo ni vitu vinavyojitembeza.

Mambo yalivyobadilika

Sisi wa rika langu tunakumbuka viwanda vya nguo vya nchi hii. Kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza ilikuwako Mwatex, na Musoma ilikuwako Mutex. Viwanda hivyo vilitoa khanga na vitenge vya sikukuu za taifa na vya chama, na mama zetu wengine wanavyo sandukuni hadi leo. Kitambaa kilikuwa adimu, kwa hiyo hakuna aliyekichezea.

Baadaye viwanda vingi vilidhoofika au kufungwa, milango ya biashara ikafunguliwa, na vitu rahisi vikaanza kuingia kwa makontena. Sasa sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa bado nyuzi ghafi, na fulana nyingi ninazochapa huja zimekwisha kushonwa kutoka Asia. Kitu kinapokuwa rahisi mno, anayekigawa haulizi tena kama kinahitajiwa. Anauliza tu: vipande vingapi, na vitakuwa tayari lini?

Hapo ndipo wingi ulipochukua nafasi ya ubora. Kila semina ina mfuko wake, kila warsha kalamu yake, kila mbio za hisani fulana yake, kila uzinduzi bango lake. Mtu mmoja wa ofisini mjini anaweza kuwa na mifuko kumi nyuma ya mlango na asipate hata mmoja wa kwendea sokoni, kwa sababu mikanda yote imekatika.

Kilichomo ndani ya vitu hivi

Vijana, hapa naomba mfungue madaftari, maana haya yanahusu somo lenu la kemia.

Tuanze na fulana. Wataalamu wanaohesabu maji yanayotumika katika mazao wanakadiria kwamba kilo moja ya kitambaa cha pamba, kwa wastani wa dunia nzima, huchukua kama lita 10,000 za maji tangu shambani hadi kiwandani. Fulana nzito ya gramu 250 basi ni lita 2,500. Fulana 300 za mkutano wetu ni lita 750,000. Lakini tuwe waangalifu na hesabu hizi, kwa maana si kila maji ni sawa. Pamba ya kwetu, ile ya Mwanza, Shinyanga na Simiyu, hulimwa kwa mvua, na mvua ingenyesha hata kama pamba isingepandwa. Huko Asia ya Kati ilikuwa vingine. Maji ya mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, yaligeuzwa kumwagilia mashamba makubwa ya pamba, na tangu miaka ya 1960 Bahari ya Aral ikaanza kukauka hadi meli za uvuvi zikabaki zimekaa juu ya mchanga. Nguo moja haiwezi kukausha bahari, lakini bahari ile haikukaushwa na kitu kingine zaidi ya nguo nyingi.

Pili, wino. Wino unaotumiwa zaidi kuchapia fulana huitwa plastisoli. Jina lenyewe linajieleza: ni chembe za plastiki aina ya PVC zilizokorogwa na mafuta maalumu ya kuilainisha. Haukauki kwa hewa. Ni lazima upashwe joto la kama nyuzi 160 ndipo ushike. Usipofika joto hilo hubanduka katika ufuaji wa pili au wa tatu. Tena haupatani na maji. Fremu ikitumika inasafishwa kwa mafuta ya taa au dawa kali nyingine, na karakana isiyo na mahali pa kukusanyia machafu hayo huyamwaga mtaroni. Mtaro huenda mtoni, na mto huenda ziwani au baharini. Upo wino wa maji, nao ni mzuri kwa kitambaa cha pamba, ingawa unahitaji mkono mwepesi na fundi mwenye subira.

Tatu, mfuko. Mifuko ile laini ya rangirangi ambayo wengi hudhani ni ya kitambaa, si kitambaa. Ni plastiki aina ya polipropilini, iliyotandazwa nyuzinyuzi na kubanwa kwa joto. Ukiuacha juani muda mrefu unaanza kupukutika kama majani makavu, na ule unga wake ni plastiki vilevile, imekuwa ndogo tu.

Nne, bango. Bango la sherehe la siku hizi ni wavu wa polista uliopakwa PVC pande zote mbili. Hutundikwa asubuhi na kuteremshwa jioni. Likichomwa, moshi wake una gesi ya asidi inayokereketa mapafu, pamoja na sumu ziitwazo dioksini, ambazo hukaa mwilini muda mrefu. Kwa hiyo nawasihi: mabango ya zamani yasichomwe jalalani nyuma ya jiko la shule.

Hesabu ya mfuko

Mtu atauliza: si tulikwisha kulimaliza jambo la mifuko? Ni kweli serikali zetu zilifanya kazi kubwa. Zanzibar ilitangulia kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya ikaanza tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikaanza tarehe 1 Juni 2019. Wote tuliona mabadiliko. Mifuko ya rambo iliyokuwa inaning'inia kwenye miiba na kuziba mitaro ilipungua sana.

Lakini marufuku ile ilileta neema kwa watu wa kazi yangu. Kila kampuni ilitaka kugawa mfuko mbadala wenye jina lake. Mingi ilikuwa hafifu kiasi kwamba kilo mbili za unga ziliikata mikanda. Kwetu Tanzania viliwekwa viwango, kwamba mfuko mbadala uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Na mwaka 2019 Mamlaka ya Mazingira ya Kenya, NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku mifuko ya aina hiyo, kwa sababu mingi haikuwa na ubora wa kuweza kutumika tena na tena.

Waingereza walilifanyia hesabu jambo hili. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa huko ulitoa taarifa iliyolinganisha mifuko ya madukani kwa madhara yake katika hali ya hewa, tangu malighafi hadi jalalani. Walichukua ule mfuko mwembamba wa plastiki unaotumika mara moja kuwa kipimo. Wakaona kwamba mfuko wa karatasi ni lazima utumike mara 3 ndipo ulingane nao. Mfuko wa polipropilini mara 11. Na mfuko wa pamba, ambao sote tunaudhania kuwa ndio mtakatifu, mara 131.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwenye rambo. Hesabu ile inapima hewa tu. Haimpimi ng'ombe aliyemeza mfuko, wala mtaro ulioziba wakati wa masika na maji yakaingia vyumbani mwa watu. Ninachosema ni kwamba kitu hakiwi chema kwa mazingira kwa sababu kimetengenezwa kwa pamba au kimepakwa rangi ya kijani. Kinakuwa chema kikitumika. Mama anayekwenda sokoni na mfuko wake wa pamba kila siku anazimaliza mara 131 katika miezi minne na siku chache, na baada ya hapo kila safari ni faida. Mjumbe wa semina anayeutundika nyuma ya mlango hamalizi hata mara mbili. Mfuko ni uleule, pamba ni ileile, jina lililochapwa ni lilelile. Tofauti ni mahitaji ya aliyepewa.

Tarehe ndiyo inayoua

Katika miaka yangu ya kazi nimejifunza kwamba kinachoua zawadi upesi kuliko kitu kingine ni tarehe. Fulana yenye nembo ya shule inavaliwa mwaka wowote. Fulana iliyoandikwa “Mkutano wa Mwaka” pamoja na mwaka wake inazeeka usiku wa siku ile ile.

Huko Marekani lipo shindano kubwa la mpira wa kwao liitwalo Super Bowl. Kwa kuwa mashabiki wa mshindi hutaka kununua nguo za ubingwa papo hapo mchezo unapokwisha, nguo huchapwa mapema kwa timu zote mbili. Filimbi ikilia, nguo za timu moja ni mali, na za timu nyingine ni uongo uliochapwa. Kwa miaka mingi nguo hizo za waliofungwa zilikabidhiwa kwa mashirika ya misaada zikapelekwa nchi za mbali, Zambia ikiwa mojawapo. Kwa hiyo unaweza kumwona mkulima wa Kiafrika amevaa fulana inayotangaza ubingwa ambao haukupata kutokea popote duniani. Nanyi mkizitazama fulana za mitumba katika soko lolote la kwetu mtaona mbio za hisani, arusi na mikutano ya kampuni za miji ambayo hatutaifikia maishani.

Nasi tunazo za kwetu. Shirika moja, ambalo sina haja ya kulitaja, liliagiza kwangu fulana 500 za sherehe zake, na tarehe ikiwa imeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Siku tatu kabla, sherehe ikaahirishwa kwa miezi miwili. Fulana zilikuwa nzima, safi, hazijavaliwa na mtu. Wakaagiza nyingine 500. Zile za kwanza zilikaa ghalani mwao hadi panya walipozimaliza. Kama wangeacha kuandika tarehe, wasingepoteza hata moja.

Hoja za upande wa pili

Najua wapo watakaonipinga, na ni haki yao.

Wa kwanza atasema: watu wetu hawatupi kitu. Fulana ya kampeni huvaliwa shambani mpaka mabega yatoboke, kisha hudekia sakafu. Bango la sherehe huwa ukuta wa kibanda cha chipsi. Hiyo ni kweli, na nawasifu wananchi kwa hilo. Anayepata fulana ya kampeni kijijini mara nyingi aliihitaji. Lakini hoja hiyo ndiyo inayoniunga mkono: wape wanaohitaji. Hapa tulipo, ndugu zangu wa zamani, nani kati yetu amekuja leo bila shati? Kuhusu bango naongeza tahadhari moja, kwamba ile PVC isitumike kuanikia mihogo wala dagaa, kwa kuwa mafuta yanayoilainisha hutoka kidogo kidogo, hasa kwenye joto.

Wa pili atasema: unataka kuwanyima vijana kazi. Hoja hii inanigusa, kwa maana karakana yangu ina vijana wanne, na wawili kati yao walisoma katika shule hii. Lakini kazi inayosimama juu ya vitu visivyotakiwa ni kama nyumba juu ya mchanga: siku kampuni zikibana matumizi, hivyo ndivyo vya kwanza kukatwa. Fundi anayejua kuchapa kwa wino wa maji kitambaa kizuri kitakachodumu miaka mitano atahitajiwa siku zote. Sare za shule, jezi, vitenge vya vikundi vya akina mama, majoho ya kwaya, mashati ya kazi ya mafundi: hizo zote ni kazi za kuchapa, na hakuna hata moja itakayokwenda jalalani kesho yake.

Wa tatu, ambaye ni msomi zaidi, atasema: basi tuagize vitu vya kisasa vinavyojali mazingira, kama kalamu za mwanzi na madaftari ya karatasi iliyotengenezwa upya. Mimi sina ugomvi na mwanzi. Pamba inayolimwa bila dawa za viwandani ipo hapa hapa nchini, wilayani Meatu, tangu miaka ya 1990, na ningefurahi kuichapa. Lakini kalamu ya mwanzi isiyoandika ni kijiti. Kwanza kitu kifae, ndipo tuulize kimetengenezwa kwa nini.

Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, baada ya maelezo hayo naomba kuweka mbele ya mkutano mapendekezo manne.

Kwanza, tusiagize mifuko wala kofia kabisa. Hakuna aliyeziomba.

Pili, fedha zilizotengwa kwa fulana 300 za sisi wakubwa zinunue jezi za michezo za vijana walioko shuleni. Nimezungumza na mwalimu wa michezo. Jezi zilizopo zimevaliwa na vidato vingi mfululizo, na wachezaji wa timu ya pili hucheza na mashati ya darasani. Jezi itavaliwa kila wiki, itafuliwa, itarithiwa na kidato kinachofuata. Nembo ya shule ikae kifuani, bila mwaka. Jina la Umoja wetu liwekwe dogo kwenye pindo, kama lile la Abdulla kwenye khanga. Kila kijana atakayeivaa atajua imetoka wapi, nasi tutakuwa tumetangazwa vizuri kuliko kwa fulana itakayolala kabatini.

Tatu, tuwe na bango moja tu la Umoja huu, la kitambaa kizito cha marekani, liandikwe kwa mkono na fundi wa maandishi. Mahali pa tarehe pawe na kibao kidogo cha kuning'iniza, kinachoweza kufutwa na kuandikwa upya kila mwaka. Likikunjwa vizuri na kutunzwa maktaba litatuzika wengi wetu.

Nne, kila agizo la Umoja huu kuanzia sasa lijibu maswali matatu kabla Mweka Hazina hajatia saini. Je, mtu angekinunua kitu hiki kwa fedha yake mwenyewe? Je, mwakani kitafaa kama kinavyofaa leo? Na siku kikichakaa, kitakwenda wapi? Kitu kikishindwa swali moja, kirudishwe kifikiriwe upya. Kikishindwa yote matatu, hicho si zawadi. Ni taka iliyoandikwa jina letu.

Kwenu vijana nina neno moja zaidi. Miaka si mingi mtakuwa mameneja, makatibu, wenyeviti wa kamati za sherehe. Mtaletewa vitabu vya sampuli vyenye kurasa mia za vitu vinavyong'aa, na mtaulizwa mnataka vipande vingapi. Kumbukeni kwamba jina lenu likichapwa juu ya kitu linakwenda nacho kokote kiendako. Likienda sokoni kila asubuhi begani kwa mama, mmetangazwa. Likikutwa mtaroni baada ya mvua, mmetangazwa pia.

Kwa upande wangu, mapendekezo haya yakipita nitapoteza kofia 300 na mifuko 300, na jezi nitazishindania kwa bei kama mchapaji mwingine yeyote. Nimewaeleza vijana wangu wa karakana kabla ya kuja hapa. Mmoja wao, aliyekuwa kipa wa shule hii, alisema jambo moja tu: kwamba jezi ya kipa iwe ya mikono mirefu. Naomba Katibu aliandike hilo katika kumbukumbu.